Macho ya Picha ya Kumi na Mbili

Jumanne, 3 Juni 2025

Soweto, Mbeya. Baridi ya kukata masikio. Nimemaliza picha ya kumi na moja ya kitabu chetu cha njozi: miti ya misindano ya Nyololo imeng'oka, inavuka barabara kuu kwa mizizi yake, malori yamesimama kuipisha. Nzuri. Najua ni nzuri.

Kosa dogo — mti wa mbele una macho, na nimeyaweka mwenyewe. Miaka yote mimi nachora kwa wino, mdogo wangu Apolonia anapaka rangi kule Iringa, na macho ya kiumbe huwekwa mwisho, na yule ambaye hakukichora. Sheria ya utotoni, tangu baba alipotuletea mabaki ya karatasi kutoka kazini, kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Karatasi moja, watoto wawili, ngumi. Leo mkono ulichangamka tu. Hatajali. Nimeiviringisha ndani ya bomba la plastiki kama kawaida, imeondoka na basi.

Makala yangu nayo imetoka gazetini. Nimewachana wachapishaji wanaodai majoka ya theluji kwa watoto ambao hawajawahi kuiona theluji. Wa kwetu yumo. Atajijua.

Alhamisi, 5 Juni

Amejijua. Veneranda, mhariri wetu wa Dar, kapiga simu saa tatu. Sauti ya mtu aliyetumwa. Kitabu hiki kitatoka kwa jina letu, Kalinga, kama vyote. Lakini vitabu sita vinavyofuata mkurugenzi anataka kumpa Apolonia peke yake, kama anaweza kuchora. Picha ya kumi na mbili achore yeye. Ndiyo mtihani wake. Lazima iondoke kwa basi Jumatano ijayo.

Nikamwambia hawezi. Ni mtu wa rangi, hana mstari.

"Mzee Kalinga, hayo umewahi kumwambia mwenyewe?"

Tangu yuko darasa la tatu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempigia Apolonia. Salamu ndefu, ya Kihehe, mpaka kuku wangu wakaulizwa hali. Akiwa na hasira ndivyo anavyosalimia.

Nikamuuliza kama amekubali. Akasema ameanza kuchora juzi.

Nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka.

"Cheka, kaka. Uliandika ile makala bila kunishirikisha. Jina la wawili, mdomo wa mmoja."

Nikasema niliwatetea wachoraji wa nchi hii wote, pamoja na yeye. Nikampa na takwimu. Akaniacha nimalize, kisha akauliza polepole: "Na yale macho ya mti, ulikuwa unamtetea nani?"

Nikasema mtandao unasumbua. Mimi! Nimejibu maprofesa, nimejibu maaskofu wawili.

Akakata.

Jumatatu, 9 Juni

Nimeandika kurasa nne juu ya usaliti katika sanaa. Nimezisoma. Mwandishi wake ana wivu. Nimewashia jiko.

Jumatano, 11 Juni

Filemoni wa ofisi ya vifurushi kaniita stendi asubuhi. "Bomba lako limerudi, mzee. Safari hii limetoka Iringa limeshiba."

Nimelifungulia mezani. Mnyama mkubwa, mbavu zake magogo, mgongo wake tabaka za karatasi nyeupe. Juu wamekaa watoto wawili, wameshika karatasi moja, kila mmoja ncha yake. Wa kiume mdomo wazi. Apolonia ananijua.

Wino ni wake. Rangi ni yake. Chini ameandika Kalinga tu. Mnyama hana macho.

Na kijikaratasi: "Kaka, macho ni yako, wewe hukumchora. Ukiyaweka, mtumie Veneranda kwa basi la saa nane. Usipoyaweka, nirudishie. Bila macho haendi."

Nimetafuta makosa saa nzima. Nikapata moja, goti la mguu wa nyuma limepinda kinyume. Nikashika penseli. Kisha nikamwona baba anarudi kutoka zamu, na goti lake lililopinda vivyo hivyo, alilozaliwa nalo. Nikaweka penseli chini.

Ana mstari. Miaka arobaini nimesema hana.

Nikiyaweka, mimi mwenyewe nampeleka Apolonia kwenye vitabu sita ambavyo simo. Nikimrudishia, ataukosa mtihani wake kwa ajili ya sheria yetu, na hatanilaumu, na hilo ndilo litakaloniua.

Saa saba na robo. Nimechanganya nyeusi.

Saa saba na nusu. Jicho la kushoto limeingia. Limegeukia kwa yule mtoto wa kiume. Sikupanga hivyo.

Filemoni kapiga: basi linapakia. Nimemwambia asubiri. Anasema dereva si mjomba wake. Simu imeita tena, sasa ni Apolonia. Brashi imeshalowa; naiacha simu iite na kalamu hii naiweka chini, maana mkono wa kulia ni wa jicho la pili, na wa kushoto ni wa kushikilia karatasi isijiviringishe.