Kipande cha Katikati

Mwenzangu, uko? Nimeumbuka. Nimeumbuka na ndoo mkononi.

Unavijua vile vita vyangu na mume wangu vya rangi ya sebule. Mimi nataka ya maziwa, yeye anataka ya pembe za ndovu. Leo fundi rangi akapaka kipande cha kila moja ukutani, tuamue mbele ya mama mkwe, yaishe.

Nikasimama kama hakimu. Naona vipande vitatu. Nikajua fundi kaongeza chake.

Nikasema, "Viwili hivyo achana navyo. Hiki cha katikati ndicho. Kimetulia. Mtu mwenye macho atachagua hiki."

Wakatazamana.

Nikarudia!! Nikasema tena "mtu mwenye macho".

Fundi akakohoa. "Mama, hapo sijapaka. Hapo nimetoa picha yenu ya harusi."

Ni rangi ya zamani. Ukuta wote ndiyo hiyo, chini ya uchafu wetu. Ile aliyoichagua mama mkwe kabla sijaolewa, ambayo miaka yote naiita uji uliolala. Wewe umenisikia. Na yeye kumbe amenisikia.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema tu, "Kumbe macho unayo, mwanangu. Basi ukuta usipakwe, uoshwe."

Mume wangu kajifungia chooni, namsikia anavyocheka.

Nimejidai nakuja kubadilisha maji ndipo nakuandikia. Mama mkwe kavuta kiti pale sebuleni, kazi yake kunionyesha nilikoruka ninapoosha.

Ananiita. Anasema pale kwenye kona bado kuna uji.