Kuvuka Bwawa la Klabu

Jumatano, 5 Novemba 1975
Mkono wangu huu! Mkutano wa wafanyakazi leo: baada ya uhuru wenye klabu wamerudi kwao Ureno, klabu sasa ni yetu, na bwawa litafunguliwa kwa mtaa mzima Jumapili ya tarehe 16. Ndugu Sitói, mwenyekiti wa kamati, akauliza nani atakuwa wa kwanza kuogelea, ukingo hadi ukingo, watu wakiona. Nikanyoosha mkono. Mimi! Miaka kumi na moja nasugua vigae vya bwawa hilo, sijawahi kulowa kupita magoti. Ilikuwa marufuku. Makofi. Sitói hakuuliza kama najua kuogelea. Nami sikusema.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimemwambia Atália, mpishi wetu. Yeye mzaliwa wa kisiwani Inhaca, alijua kuogelea kabla ya kujua kusema. Kacheka hadi kakalia gunia la viazi. Kisha: haya Felizarda, kesho alfajiri, na uje na tumbo tupu.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimekunywa bwawa. Ile dawa ya kusafishia maji naitia mwenyewe kila asubuhi – leo nimejua ladha yake. Atália kanishika tumbo kama abebaye sinia. "Makalio juu! Unaogelea au unatafuta sindano?" Nikapiga mateke, sikusogea hata shubiri.

Lakini nilifungua macho chini ya maji. Vigae vyangu! Buluu, vinacheza. Kumbe vilikuwa vizuri hivi siku zote, na mimi navijua kwa goti tu.

Jumatatu, 10 Novemba
Naelea! Nimehesabu hadi kumi na mbili. Kisha nikacheka, nikazama.

Alhamisi, 13 Novemba
Nusu. Nusu tu! Nikifika katikati pumzi inakata, miguu inatafuta sakafu, na pale sakafu ni mbali. Leo Atália hakunitania, ndipo nikajua hali ni mbaya. Anasema nimwambie Sitói, si aibu. Nimekataa. Wale mabibi wa Kireno walikuwa wakivuka huku wanapiga soga. Mimi nisugue tu, nisivuke?

Jumamosi, 15 Novemba
Mama kafika kwa basi kutoka Manjacaze, na kuku wawili. Habari zimemfikia. Hata hajakaa: eti mwanangu, maji yasiyo na mto yana mwenyewe, usiyachokoze. Nikamwambia mwenyewe kaenda Ureno. Hakucheka.

Nimepata vazi la kuogelea, bibi mmoja alilisahau kabatini. La manjano. Linanibana mpaka naona haya nikiwa peke yangu! Nitavaa hilohilo.

Jumapili, 16 Novemba
Naandika ukingoni, karatasi inalowa. Nimevuka!

Watu wengi sijui wangapi, wengine juu ya ukuta. Sitói kahutubia mpaka jua likanichoma mabega. Nikaruka. Mkono, mkono, mkono – katikati, palepale, pumzi ikakata. Nikaanza kwenda chini. Nikasikia sauti ya Atália ikipasua kelele zote: "Lala chali, weee! Lala!" Nikageuka. Anga tu. Watu wakadhani ni madaha, wakashangilia! Nikajilaza pale kama mwenye klabu, nikavuta pumzi hadi nikashiba, nikageuka tena, nikaenda. Mkono ukagusa ukingo. Nikalia, nani angejua, uso wote maji.

Sasa mtaa mzima umo ndani na nguo zao. Sitói na suruali yake ya hotuba. Saa kumi na mbili, saa ya kufunga, na leo funguo ninazo mimi. Nimepuliza filimbi mara tatu. Nani anasikia! Na Mama – Mama! – kashuka ngazi moja moja, maji yamemfika kifuani, kapulana yake, kanga aliyojifunga kiunoni, imetanda kumzunguka, kamng'ang'ania Atália mkono. Nimemwambia Mama toka, tunafunga.

"Funga," kasema. "Mimi nimo ndani."