Mtani Wangu, Nilikuacha Uzikwe Kimya

Mtani wangu Kalunde,

Nakuandikia nikiwa nimevaa koti lako, lile la zambarau, ambalo sote wawili tunajua ni langu. Ulininyang'anya majira yako ya kwanza ya baridi hapa Toronto, mchana kweupe, sebuleni kwangu, mbele ya wanangu. "Limeshakwenda Unyamwezini hili," ukasema, ukafunga vifungo viwili kati ya sita, ukatoka nalo. Wanangu, waliozaliwa huku huku, wakaniuliza kama tuite polisi. Nikawaambia huyo si mwizi, ni mtani, na Mzaramo akichukuliwa kitu na Mnyamwezi hana pa kushtaki. Hawakuelewa. Mimi nilicheka wiki nzima, maana tangu nitoke Kisarawe hakuna mtu aliyewahi kunichukulia kitu kwa haki namna ile.

Barua hii naiacha wazi, mwenye macho aisome, kwa sababu kosa nililokufanyia nililifanya mbele za watu.

Unazikumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa ukimaliza zamu ya usafi pale chuo kikuu saa nne asubuhi, mimi nikitoka kumwogesha yule bibi kizee ninayemtunza, tukakutana kwenye benchi lenye sanamu ya mzee wa shaba. Mzee amekunja nne, kitabu mapajani, na pembeni yake wameacha nafasi ya mtu kukaa. Siku ya kwanza ulinitambulisha kwake kama mkwe. "Huyu ni ndugu yako, Mzaramo. Tangu wamweke hapa hajainuka." Nilimeza, nikakusubiri bustanini, kwenye sanamu ya mfalme aliyepanda farasi. "Na huyu ni Mnyamwezi," nikakuambia. "Babu zake walibeba mizigo kichwani mpaka pwani. Yeye kapata farasi, sasa hataki kushuka." Ulicheka hadi ukashika mguu wa farasi usianguke.

Wageni walikuwa wakisimama pale na simu zao, wakisoma vibao wajue nani ni nani. Sisi vibao hatukuvigusa. Tuligawana sanamu zote za mji: zilizokaa zangu, zilizosimama zako. Wewe uliyafagia madarasa ya mji huu miaka yote hiyo na hakuna aliyekujua jina, lakini ukipita na mimi Jumamosi ulitembea kama mwenye mji.

Ni pale kwenye mnara wa saa tu ndipo utani ulipokoma. Ukutani wamechonga majina ya wanafunzi waliokufa vitani. Ulikuwa unapitisha kidole jina moja moja, mikono ikinukia sabuni ya sakafu, nami nasubiri. Siku moja ulisema, "Watoto wa watu hawa. Wamezikwa huko mbali, hata mtani wa kuwachekesha mama zao hawakuwa naye." Kisha ukanigeukia. "Mzaramo, nikitangulia mimi, usiniache niende kimyakimya."

"Na mimi je?"

"Wewe nitakufanyia mpaka uinuke mwenyewe uniombe radhi."

Tukapeana mikono palepale, chini ya majina ya watu.

Baada ya hapo tulikuwa tukitembea mpaka daraja kubwa la Bloor, lile refu juu ya bonde, ambalo treni hupita tumboni mwake na wewe uliye juu unasikia miguu ikitetemeka. Sijawahi kulivuka. Kila Jumamosi nilifika taa ya tatu nikashika ukingo, nikagoma. Wewe ulikuwa ukirudi kunifuata, huku unatangaza kwa sauti, "Bahari wanaiogopa, hewa wanaiogopa, sasa Wazaramo wanaishi wapi?" Halafu unanishika mkono, tunarudi wote. Hukunicheka ukiwa umenishika mkono. Hilo nimelikumbuka sana siku hizi.

Ulipolazwa, dirisha la wodi yako lilitazama upande wa bustani, ukadai unamwona yule mfalme na bado hajashuka. Ulikuwa umekonda, mtani, pua ndiyo iliyobaki vilevile. Siku ile ya mwisho uliyozungumza vizuri, ulimwomba Nyamizi, binti yako, akatafute maji. Alipotoka ukanionyesha kabati. Ndani kulikuwa na koti, kofia yako ya sufu, na miwani uliyoifunga uzi mweupe pale ilipovunjika. "Chukua sare zako za kazi," ukaniambia. Tukacheka, mimi huku najifuta machozi.

Nilijua kazi yangu. Kwetu mtani ndiye anayeingia msibani na nguo za marehemu, akatembea kama marehemu, akasema yale marehemu aliyokuwa akiyasema, akalala hata kaburini akadai ni chumba chake, mpaka waliokauka kwa huzuni wacheke, na wakishacheka waweze kulia. Nilimwona mama yangu akiifanya mara nyingi. Asubuhi ya mazishi yako nilifanya mazoezi bafuni. Niliipata hata ile sauti yako ya kupenga kamasi.

Kisha nikafika mahali penyewe. Zulia nene. Maua meupe. Watu wananong'ona kama wako maktaba. Nilikaa safu ya tatu, mfuko wenye vitu vyako mapajani, nikasema nitainuka padri akimaliza sala ya kwanza. Nilipoinuka, yule bwana wa suti nyeusi aliyekuwa akiwahudumia watu akaja na boksi la tishu, akaniuliza kwa upole kama nahitaji maji. Nikakaa. Nikainuka tena, akanionyesha choo kilipo. Nikatazama mbele. Wenzake Nyamizi wa kazini walikuwa wamejipanga safu nzima na makoti yao meusi, na Nyamizi mwenyewe amekaa wima, macho makavu, hajageuza shingo. Nikajiambia, ukimtia aibu mtoto huyu leo hatakusahau. Watasema Waafrika hawa hata kufiwa hawajui. Nikaushika mfuko kwa mikono miwili.

Ulizikwa kimya, Kalunde. Kule makaburini hata koleo sikuliiba nidai nilipwe ndipo wazike. Nilikuwa karibu nalo kabisa.

Sikumpigia simu Nyamizi baada ya pale. Nilikuwa naona haya. Nilibadili hata njia, nikawa napanda basi lisilopita karibu na chuo. Koti nililitundika nyuma ya mlango, nikalifunika na khanga lisinitazame.

Mwezi wa tatu mwaka huu alinipigia mwenyewe. "Shikamoo, Anti," akaanza, kwa sababu hiyo ulimfundisha hadi ikakaa. Mengine yote, unamjua, Kiswahili anakisikia na anajibu kwa Kiingereza. Aliniambia ana swali moja na nisikasirike. Alisema wewe, kabla hujafa, ulimwonya kwamba siku ya mazishi ataingia Mzaramo mmoja amevaa nguo zako, atafanya upuuzi mkubwa, na yeye asione haya, kwa sababu mtu huyo ndiye atakayekuwa analia kuliko wote. Alikuwa amewaambia hata wenzake wa kazini wasishtuke. Walikuja safu nzima kwa ajili hiyo, kukuona ukiigizwa.

"Nilikaa mbele nikisikiliza mlango, Anti," akasema. "Nilisubiri mpaka waliposhusha jeneza. Nilifikiri umechelewa."

Nililia kwenye simu nikiwa nimesimama jikoni, na mtoto yule akanisubiri nimalize, bila kukata. Macho yake makavu niliyoyaona siku ile yalikuwa ya kusubiri. Mimi nilidhani ni uzungu.

Jumamosi iliyopita nilimwita kwenye benchi.

Theluji ilikuwa imebaki kidogo kwenye vivuli, chafu, ile unayoichukia. Nyamizi alifika na kahawa mbili. Nilivaa koti, nikafunga vifungo viwili kati ya sita. Nikavaa kofia na miwani yenye uzi. Nikapenga kamasi. Akarudi nyuma hatua moja.

"We mzee!" nikamfokea mtu wa shaba kwa sauti yako. "Kitabu hichohicho tangu nimekuja nchi hii? Nyanyua miguu nifagie!" Nikafagia chini yake kwa ufagio wa hewa, nikilalamika juu ya wanafunzi wanaomwaga kahawa na kuacha nusu mkate, nikisema kwamba Toronto nzima hakuna anayejua kusonga ugali isipokuwa mimi Kalunde na mama yangu Tabora, na kwamba binti yangu ana digrii mbili na hajui kukunja shuka. Vijana wawili walisimama. Mmoja akatoa vitu masikioni asikie. Sikujali. Nilikuwa nimechelewa miezi mitano, aibu ilikuwa imeshaisha.

Nyamizi alicheka akainama, kahawa ikamwagika. Halafu kile kicheko kikageuka. Alimshika mzee wa shaba bega akalia kwa sauti, "Mama, Mama," kama mtoto aliyepotea sokoni. Nami nikakaa kwenye ile nafasi wazi, na koti lako, nikalia kilio changu. Hata yule bwana wa tishu angekuwepo asingetosha.

Tulipotulia tukaenda kwa mfalme. Nikamwomba lifti, hakujibu. Kwenye mnara tulisoma majina kimya, yeye akipitisha kidole kama wewe bila kujua. Kisha akasema tufike na darajani, kwa sababu ulimsimulia.

Pale taa ya tatu nikasimama. Treni ilipita chini, daraja likatetemeka. Na hapo, mtani, likanitoka ambalo nilikuwa nalo tangu siku ya mazishi. Nilimwambia Nyamizi kwamba mimi ndiye nitakayeondoka kimya. Wanangu kule Mississauga watanizika vizuri, kwa dua na kwa heshima, na hakuna hata mmoja atakayejua kunivalia nguo. Nilikuwa na Mnyamwezi mmoja tu katika nchi hii yote baridi, naye nimemzika, na kumzika kwenyewe nilimzika vibaya.

Nyamizi alitazama bonde. Mimi nikaona afadhali nitembee kuliko kusimama na maneno yale, nikashika ukingo kwa mkono wa kushoto, mkoba nimeukumbatia, nyonga yangu mbovu ya kulia naiburuta, nikaipita taa ya tatu. Ya nne. Nilikuwa natazama mbele tu. Kalunde, nilivuka nusu ya daraja lile nikiwa peke yangu mbele, mkono wako haupo, na nilikulilia kwa hasira kwamba umechagua kufa kabla hujaliona hili.

Katikati kabisa nikasikia nyayo nyuma yangu zimebadilika. Moja inagonga, moja inaburuta. Nikageuka.

Binti yako alikuwa anakuja, ameshika ukingo kwa mkono wa kushoto. Bega moja ameliangusha. Mkoba ameukumbatia tumboni kama mtu anayeogopa kuporwa na kunguru, nyonga ya kulia anaivuta, na midomo inacheza, anahesabu taa.

"Unafanya nini wewe?"

Hakuacha. Akanipita vilevile, akiburuta ule mguu, akanijibu kwa Kiswahili.

"Najifunza."

Lala salama, uliyenitangulia. Koti nimemwonyesha ninapolitundika.

Mzaramo wako, uliyezoea kurudi kumfuata taa ya tatu