Fomu Thelathini na Tatu za Dosu

Jumatatu, 3 Machi

Kwaresima imeanza. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna furaha — ingawa hiyo ya tatu tuliacha kuila zamani.

Nichifor karudi kutoka kwenye mashine ya kusafisha damu, uso rangi ya majivu. Gari la wagonjwa halivuki tena daraja. Dereva, Fane, anasimama ng'ambo, anapiga honi, nasi tunavuka kwa miguu, mume wangu kaniegemea begani. Hatua mia na kumi. Katikati mbao zimeoza, unauona mto chini ya nyayo zako. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, miaka minne sasa. Daktari hakuficha: akikosa mashine wiki mbili, amekwisha. Basi daraja likifungwa, nimekuwa mjane. Hesabu ni hiyo tu.

Mchana katibu wa tarafa kaniita. Mkoa unaandaa mpango wa mpaka mwaka 2040, unataka kujua wakazi wanatanguliza nini. Fomu moja kwa kila mtu mzima. Kwa nini mimi, Vetu? Kwa sababu nilikuwa mpishi wa shule, najua kila mlango. (Shule yenyewe sasa wanalala mbuzi.) Nikauliza: na daraja je? Akasema wakazi wakilitaja kwa wingi, linaingia kwenye mpango na kujengwa upya. Wasipolitaja, linafungwa mwezi wa nne.

Nikazichukua fomu kabla hajamaliza sentensi. Tumebaki watu thelathini na wanne Dosu. Nitawapata wote!

Jumanne, 4 Machi

Nimegawa. Miguu inawaka moto.

Fomu yenyewe ya ajabu. Juu kabisa kuna alama kubwa nyeusi ya kujumlisha, maana mpango wanauita "2040+". Chini yake safu mbili: kushoto "Sasa", kulia "Baadaye". Hakuna maelezo mengine. Nikawaambia kila nyumba: jamani, huku kulia andikeni daraja. Wakaitikia. Watu wa Dosu wanaitikia kila kitu, hata ukiwauliza kama wameshakufa.

Mzee Sofronie pekee kakataa kuigusa. Baba yake alitia sahihi karatasi ya serikali mwaka sitini na moja, na jioni ile ile ng'ombe wa jembe hawakuwapo zizini. Nikamwambia hii siyo ile. Akasema hata ile waliambiwa siyo ile.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Ubao mmoja zaidi umekwenda na maji. Nichifor aliusindikiza kwa macho, akasema, "Huyo naye kaenda Italia, kama vijana wetu." Tulicheka wote wawili katikati ya daraja kama wendawazimu. Fane akadhani tumepatwa na jambo.

Jumapili, 9 Machi

Mungu nisamehe, leo nimetukana kanisani.

Nilipita tangu jana kukusanya fomu. Kila mlango jibu moja: tumeshapeleka. Wapi? Kwa padri! Leo baada ya ibada Padri Eftimie akanipa bunda zima, kalifunga kwa utepe. Jana ilikuwa Jumamosi ya marehemu. Kazisoma zote mbele ya altare, moja baada ya moja, kwa sauti.

Kosa ni la ile alama ya kujumlisha. Kila Kwaresima tunampelekea padri karatasi yenye msalaba juu na safu mbili: kushoto majina ya walio hai, kulia majina ya waliokufa, awaombee. Sasa mtu wa mjini anakuletea karatasi yenye msalaba na safu mbili, tena wiki ya kwanza ya Kwaresima! "Sasa" — walio hai. "Baadaye" — marehemu. Mimi mwenyewe nilizibeba siku nzima nisilione hilo.

Fomu ya Mama Aglaia, jirani yetu: kulia majina thelathini na moja, mpaka yakageukia nyuma ya karatasi. Kushoto matatu. Lake, na ya wanawe wawili walioko Torino, Italia.

Padri akaniuliza kwa upole kama askofu ndiye aliyebadilisha karatasi. Hapo ndipo nilipotukana.

Jumatatu, 10 Machi

Katibu kacheka mpaka akatoa leso. Mimi sikucheka. Kanipa fomu mpya na bahasha. Safari hii kila mtu afunge bahasha yake mwenyewe, nisimwambie mtu cha kuandika, maana huko mkoani wameona neno "daraja" kwenye fomu mbili tatu za kijiji jirani kwa mwandiko mmoja, wakazitupa zote. Mwisho Ijumaa.

Jumatano, 12 Machi

Nimevunja amri ya katibu. Nimekwenda kwa Mama Aglaia, nimemsihi. Nimemwambia, mama, Nichifor bila daraja hamalizi wiki mbili. Wewe umri wako na busara yako, ukisema neno wengine watafuata.

Alikuwa anakoroga sima. Hakuacha kukoroga.

"Mwanangu Vetu," akasema, "kabla ya daraja lile nilikuwa na wana wawili nyumbani. Walipolizindua tukapiga ngoma, tukachinja. Wakapita juu yake na masanduku yao. Nani amerudi kwa daraja lile? Nitajie mmoja."

Binti yangu mwenyewe yuko Zaragoza, Uhispania, mwaka wa saba.

Akasema anachotaka yeye ni uzio wa makaburi. Nguruwe mwitu wanashuka kutoka msituni, wanafukua. Wiki iliyopita wameng'oa msalaba wa mume wake. Mwaka 2040 atakuwa na miaka mia na tatu, na anajua fika atakuwa amelala wapi. Hapo ndipo patengenezwe.

Kisha akanipa sima na kachumbari ya kabichi, nile kwanza. Nililia huku natafuna. Nimeona aibu, lakini nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 13 Machi

Bahasha thelathini na tatu ziko mezani. Sofronie kashikilia msimamo wake.

Mimi na Nichifor tumejaza zetu leo asubuhi, jikoni. Kaandika polepole kwa mkono mmoja, kwa ule mwingine kaiziba karatasi kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Nikamcheka. Nikamwambia, mzee, mtihani wenyewe una jibu moja! Akalamba gundi, akafunga.

Baadaye nikabandika birika. Mvuke unafungua bahasha yoyote, kila mpishi anajua. Nilikuwa nimeshika ya kwanza juu ya mvuke, Nichifor akiwa kwenye kiti chake pale dirishani.

"Waache watu, Vetu," akasema.

Nikaiacha. Nikatengeneza chai.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna habari kutoka mkoani. Miguu ya Nichifor imevimba, viatu haviingii ila kwa kulegeza kamba zote. Kwenye daraja tulisimama mara nne. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshaumia vya kutosha.

Alhamisi, 27 Machi

Nimetoka mkutanoni, ukumbi wa tarafa. Naandika kwa sababu mtu wa kumwambia ndiye yule ambaye siwezi kumwambia.

Mtaalamu kutoka mkoani, msichana anaitwa Anda, ana adabu, sauti nyororo. Kaonyesha majibu ya Dosu ukutani kwa mwanga. Wakazi wametanguliza:

Uzio wa makaburi — 19.
Padri kila Jumapili — 8.
Kengele ya kanisa — 5.
Daraja — 1.

Kasema ni nadra kijiji kuwa na kauli moja kiasi hiki. Kawapongeza! Uzio utaanza baada ya Pasaka, wa chuma, na lango. Daraja linafungwa Jumanne ijayo, tarehe moja, na kwa kuwa halikutajwa kwa wingi halitajengwa. Nikasimama, nikasema kuna mgonjwa. Akaniandika kwenye daftari lake. Akasema kwa wagonjwa ipo nafasi kwenye nyumba ya wazee mjini, karibu na mashine. Kitanda kimoja. Nikamwuliza na mke je? Akasema fomu ya wake haipo.

Jirani zangu walikuwa wanatazama sakafu. Mama Aglaia kanishika mkono tulipotoka. Sikuuondoa, ila sikuushika.

Njia nzima nilikuwa na hasira nao. Mbwa koko hawa! Nimewapikia watoto wao miaka ishirini na mbili. Mpaka nilipofika darajani ndipo akili ilipofunguka. Nikasimama.

Moja.

Yangu ni moja. Ya Nichifor iko wapi?

Ijumaa, 28 Machi

Jana sikumuuliza. Nilimpa supu, nikamfunika miguu. Leo asubuhi, akiwa anavaa, nikamuuliza aliandika nini.

Hakujifanya hajui.

"Uzio," akasema. "Nguruwe wamefika safu ya mama yangu. Pembeni yake ndipo pangu. Na pako."

Nikapiga kelele. Nilisema mengi, mengine siyaandiki. Kwamba nimetembea mlango kwa mlango kama ombaomba, kwamba nimejidhalilisha kwa Aglaia, kwamba daraja lile ni la kwake yeye, ni uhai wake, si wangu!

Alinisubiri nimalize. Ana subira ya kukera, siku zote alikuwa nayo.

"Ni lako, Vetu," akasema. "Mimi miaka minne nalivuka kwa ajili yako. Nimechoka. Mjini siendi."

Nikasema Jumanne bado haijafika. Leo ni Ijumaa, daraja lipo, Fane anakuja. Akasema anajua.

Nikachukua daftari hili.

Fane keshafika ng'ambo, kapiga honi. Nichifor kavaa koti. Kavaa kiatu kimoja, kamba wazi. Kingine kakishika mapajani, hakivai, hakiweki chini. Ananitazama. Nikisema vaa, atavaa — namjua. Atavuka tena hatua zote mia na kumi, na Jumatatu atavuka, bila neno, kwa sababu mimi nimesema. Na nikisema vua, nimemvulia mimi.

Naandika maana nikiiweka kalamu itabidi nifungue mdomo.

Honi ya pili.

Anasubiri. Hata Fane anasubiri, maskini, injini inanguruma tu. Nawaza tu kamba za kile kiatu, kwamba zimeloa, kwamba zilipaswa kukaushwa karibu na jiko tangu jana nami

Honi tena.