Koti la Salim

Bi Rukia,

Mungu akurehemu. Hilo nalisema kwa moyo safi. Mengine yote humu nayasema kwa hasira, na usitarajie nikuombe radhi.

Juzi ilikuwa arobaini yako. Tulikodi ukumbi uleule wa Bladensburg, hapa Maryland, Marekani, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia. Hitima ikasomwa vizuri. Pilau ilikosa bizari, ungenung'unika mpaka magharibi. Kisha mwanao Salim akasimama na karatasi kusoma wasifu wako. Ulizaliwa Tanga. Uliolewa na Mzee Hamad, karani wa reli. Ulizaa watoto wanne. Ulikuwa mama wa nyumbani, mpole, mkimya, usiyependa makuu.

Mkimya! Wewe!

Nikangoja, nikasema labda ukurasa wa pili. Hakukuwa na ukurasa wa pili. Salim akakunja karatasi, na mimi, Mwanaidi, niliyefunzwa na mama yangu kwamba msibani mtu hufunga mdomo, nikasimama nyuma ya pazia nikapiga kelele: "Muongo! Salim, wewe ni muongo!"

Wanawake wote wakanigeukia, hata watoto. Shemeji yako akanivuta buibui mpaka nikakaa. Sikulia. Ilikuwa hasira tupu.

Maana mimi nilijua. Wewe mwenyewe ulinihadithia, chini kule kwenye basement, chumba cha chini ya nyumba ya Salim, Temple Hills, miguu yako ndani ya beseni la maji ya moto. Una miaka kumi na saba ukajiunga na kundi la vichekesho vya nyimbo. Miaka saba jukwaani. Mlilala juu ya magunia ndani ya lori, leo Korogwe, kesho Moshi, na kila mji watu walilipa kumwona msichana mwembamba aliyevaa suruali akaigiza bwana mkubwa anayetafuta miwani na miwani iko usoni. Picha yako ikachapwa kwenye kalenda ya duka la sabuni, vinyozi wakaitundika. Ndipo Mzee Hamad akaja kutazama mchezo mara tatu mfululizo, mara ya nne akaja na posa. Sharti lake lilikuwa moja: jukwaa basi. Ukakubali. Ukakaa miaka arobaini kama chungu kilichofunikwa.

Halafu arusi ile ya kwanza hapahapa Bladensburg, Jumapili mchana, spika za DJ zikafa. Wanawake tumekaa tunatazamana. Wewe ukavaa koti la suti la Salim, lile ulilojifunika garini kwa ajili ya baridi, ukachora sharubu kwa wanja, ukapanda jukwaani. Sijawahi kucheka vile tangu nitoke Mombasa. Bibi harusi alicheka mpaka akaharibu mapambo ya uso.

Tangu siku hiyo hakuna arusi ya wanawake iliyofanyika bila wewe. Na mlangoni, kikapu. Kila simu ndani ya kikapu, hata ya mama wa bibi harusi, na mlinda kikapu ni mimi. Ilikuwa desturi nzuri. Wanawake tunavua buibui, tunacheza, hakuna picha inayotoka. Lakini ndiyo iliyokumaliza, Bi Rukia. Wanaume wote wa mji huu hawajui hata kidogo ulikuwa nani. Hakuna picha moja. Sauti yako haipo popote ila kichwani mwangu.

Maana ulinifundisha. Tulifanya mazoezi mashine ya kukaushia nguo ikiwa imewashwa, ili ngurumo yake ifunike nyimbo zetu na Salim juu asisikie. Nguo zilikuwa zimekauka zamani, tunazikausha tena! "Mguu kwanza, mdomo baadaye," uliniambia. "Ukicheka wewe, wao hawatacheka." Ulinipiga kofi la bega kila nilipocheka. Na nilicheka kwa sababu bwana mkubwa wako wa sasa alikuwa Salim mtupu: anakohoa kabla ya kusema, anajipapasa mifuko yote kutafuta funguo, halafu anaimba, "Mama, usiguse kidude cha kupasha nyumba joto! Mama, vaa soksi!"

Na yeye koti amelitafuta miaka miwili. Alimgombeza dobi wa watu mpaka akahama dobi. Koti liko kabatini kwangu, na sharubu za uzi mweusi ulizoshona mwenyewe ziko ndani ya mfuko wa kifuani.

Basi jana nikaenda kwa Salim. Nilikwenda kugombana, nisikufiche. Nilikuwa nimeyapanga maneno toka kituo cha basi. Akafungua mlango, akakohoa. Akanipa ile karatasi.

Mwandiko wako. Zile herufi zako zilizolala upande. Mama wa nyumbani, mpole, mkimya.

"Alinipa hospitali, Dada Mwanaidi," akasema. "Akasema, soma hivyohivyo, usi-add hata neno."

Nikaisoma mara mbili nimesimama pale mlangoni na viatu. Nilimtukana yatima mbele ya watu kwa kutii wosia wa mama yake! Mzee Hamad amekufa miaka mingi, na bado ukamwandikia anachotaka kusikia yeye. Miaka saba umeifuta kwa kalamu ya hospitali. Na mimi je? Ulinifundisha nini kule chini, na kwa nini, kama ulikusudia kuzikwa nacho? Nilikuwa nani kwako, mkunja nguo?

Nimekukasirikia, Bi Rukia. Sijawahi kumkasirikia mtu hai hivi.

Salim akaniuliza kwa nini nilimwita muongo. Nikamwambia. Yote, toka lori mpaka kalenda. Akakaa kwenye ngazi, mtu mzima yule, akashika kichwa.

"Alikuwa akichekesha? Mama?"

"Watu wakishika mbavu," nikasema.

"Alikuwa anamuigiza nani?"

Akawa anajipapasa mifuko anatafuta leso, na leso iko mkononi. Nikashindwa. Nikasema, "Watu wa nyumbani tu," nikaaga upesi nisije nikatoa aibu msibani mara ya pili, safari hii kwa kicheko, nikaonekana nimerukwa na akili. Njiani ndipo nikalia.

Jumapili anaolewa Yasmini, mjukuu wako. Jana alinifuata mpaka kituo cha basi, yule mtoto asiyejibu Kiswahili hata umbembeleze. "Auntie," akasema, "Bibi ali-promise." Kumbe ulimwahidi mchezo wako siku ya arusi yake.

Kwa hiyo sikiliza, maana safari hii mwenye kusema ni mimi. Karatasi yako ameisoma Salim, na mimi siitii. Jumapili nitavaa koti. Nitatanguliza mguu, mdomo baadaye, na sitacheka. Nitasema mwanzoni kabisa mchezo huu ni wa Rukia wa Tanga, aliyekaa miaka saba jukwaani. Simu zitakuwa kikapuni kama ulivyotaka, na pazia litabaki pazia. Lakini mlango wa jikoni nitauacha wazi kidogo. Salim ndiye atakayepokea masinia ya pilau kule nyuma, nimempangia mimi. Hataona mtu. Atasikia tu. Atasikia wanawake wote wa Maryland wanavyokucheka, na atajisikia mwenyewe akikohoa.

Lala salama, somo yangu. Kasirika ukitaka, tutakuwa wawili. Jumatatu nitamrudishia Salim koti lake, na sharubu zako nitaziacha mfukoni.

Mwanaidi