Beseni Lako Bado Liko Kwenye Foleni

Akinyi wangu,

Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula, kwa hiyo nianze hapo: nimekula, nimeshiba, na vidole bado vinanuka samaki.

Tangu tukuzike sikuwa nimekanyaga soko la hapa Kawangware. Jumamosi asubuhi zilikuwa zetu. Wewe ulitoka Kibera, mimi nikatoka nyumbani, tukakutana kwa Mama Pendo kungojea samaki washushwe, wakaangwe, tule na ugali moto. Niliogopa kwamba nikienda peke yangu nitakuta Jumamosi nayo imekufa.

Juzi nikajikaza. Nikachukua beseni langu la bluu, na mkono ukachukua na lako la manjano. Nikayaweka chini yote mawili, lako nyuma ya langu, kama kawaida: beseni linapanga foleni, mwenyewe anaenda kupiga stori.

Watu walikuwa wengi, samaki wachache. Jamaa mmoja mgeni akaanza kelele: "Hii beseni ya yellow ni ya nani? Kama mwenyewe hayuko, itoke!" Ningesema nini? Kwamba uko njiani?

Basi Mama Shiku, yule yule mliyegombana naye kila wiki kuhusu nani alitangulia, akalisukuma mbele kwa mguu. "Hiyo ni ya Akinyi. Wee tulia kwa laini." Na foleni nzima ikaendelea kulisogeza hivyo hivyo, mpaka kwenye karai la mafuta. Mama Pendo akatia samaki mzima katika kila beseni bila kuuliza. Nililia huku nikicheka, nikasingizia moshi.

Nilikaa kwenye benchi letu. Nikakumbuka siku binti yako alipotuambia kwamba kuna nchi watu wanapanga foleni sokoni alfajiri kula samaki mbichi na wali. Uliuliza kwa huruma kabisa, "Mbichi? Kwani makaa imewaishia?" Mama Pendo alicheka mpaka akaunguza samaki wa watu.

Nikakumbuka pia siku yangu ya kwanza. Mimi Mkamba wa Machakos, samaki nitamjulia wapi? Nilimtupia paka kichwa, nawe ukaruka ukapiga kelele, "Wee Mwende! Umetupa samaki umebaki na miiba!" Tangu siku hiyo tukapatana: kichwa changu unakula wewe, mkia wako nakula mimi. "Wacha nikusaidie," ulikuwa ukisema, na sura ya mtu anayejitolea.

Sasa vichwa viwili vilikuwa vinanitazama, na wa kunisaidia hayuko. Nikafumba macho, nikafyonza shavu. Nikafyonza jicho. Nikavunja mfupa, nikafyonza na mfupa.

Kumbe! Akinyi, kumbe! Miaka yote hiyo ulikuwa unanipunja, na mimi nakushukuru!

Nimekumiss sana, mwizi wangu. Beseni lako litapanga foleni kila Jumamosi, nakuahidi; binti yako atakuja nami, na mikia nitamwachia yeye. Nitamwambia namsaidia.

Pumzika vizuri. Huko uliko, kama kuna foleni, nishikie nafasi. Nitachelewa kidogo. Lakini nikifika, kichwa tunagawana.

Wako,
Mwende