Sarafu Niliyoing'arisha

Shikamoo Bibi,

Huku Kariakoo jua linaunguza, nami najificha kwa aibu. Ile sarafu uliyoiokota shambani nimempelekea mzee mmoja mwenye duka la saa, anayekusanya sarafu za kale. Niliona haya kumpa kitu chenye kutu, basi nikaisugua kwanza kwa ndimu na majivu, kama tunavyosugua masinia ya Idi.

Akaitazama kwa lenzi, akaniuliza: "Ni ya enzi za Warumi, ya Iskanderia kule Misri. Mwaka waliuandika kwa herufi za Kigiriki, hapa ubavuni mwa tai. Nani kazifuta?"

Nikasema sijui.

Inang'aa, Bibi, ila haina mwaka. Mungu akupe afya. Na ile nyingine iliyo chini ya godoro lako, nakuomba usiioshe.

Mjukuu wako,
Mwanahamisi